Jela Iliyohesabu Mikia

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mfalme, na mfalme alipokuwa na jela, alikuwako Pimbi. Mdogo, wa duara kama kiazi, na nyuma hana kitu. Hana mkia, hata wa kuazima!

Kosa lake? Aliota jua juu ya jiwe.

"Jiwe hilo huenda Mfalme Simba akalipenda siku moja," walisema askari, wakambeba hobelahobela mpaka jela. "Kesi yako utaambiwa."

Akangoja kuambiwa. Mvua zikaja, mvua zikapita.

Jela yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha magogo, kilichojengwa kwa ajili ya wanyama kumi. Ndani walikuwamo zaidi ya arobaini. Walilala ubavu, tumbo kwa mgongo, na mmoja akifa ganzi, nyapara alipiga kelele, "Geuka!" Wakageuka wote kwa pamoja, pwaa! Ndoo ya haja ilikuwa moja, palepale walipokulia ugali. Maji yalikuwa tope. Na kwenye maharage, wadudu walikuwa wengi kuliko maharage.

Asubuhi, adhuhuri na jioni kengele ililia, ngo! ngo! ngo! Hapo kila mfungwa aligeuza mgongo na kutoa mkia nje kwenye mwanya wa magogo. Mlinzi wa mlango, Afande Kifaru, alikuwa haoni hata ncha ya pembe yake. Pua yake ilikuwa kali zamani, lakini uvundo wa pale ulishaiua. Basi alihesabu kwa kupapasa.

"Moja! Mbili! Tatu!" mpaka "Arobaini! Hesabu imetimia!"

Na chakula kilifuata hesabu. Mikia arobaini, mabakuli arobaini.

"Na mimi, Afande?" aliuliza Pimbi siku ya kwanza.

"Mkia wako uko wapi?"

"Sina."

"Basi hupo."

"Kama sipo, anayezungumza nawe ni nani?"

Kifaru akafikiri. Akafikiri tena. "Sijui. Lakini hajahesabiwa."

Pimbi angekufa njaa kama si Swala, aliyefungwa kwa kumpita Mfalme mbio bila kumwamkia. Kila siku Swala alikata tonge lake katikati.

"Kula, mdogo wangu," alimwambia. "Njaa haiulizi mkia."

Kisha Swala akaugua. Kwanza kikohozi, koho! koho! Kisha homa. Kisha miguu ile iliyowahi kuruka vichaka vitatu kwa mpigo ikashindwa kusimama. Pimbi akapiga magogo, ko! ko! ko! mpaka Mkuu wa Jela akaja. Huyo alikuwa Fisi, tumbo mbele kama ngoma, maana maharage mazuri ya wafungwa yote yaliishia kwake.

"Afande Mkuu, Dada Swala anaumwa. Anahitaji mganga."

"Hii! Hii! Hii!" Fisi akacheka. "Mfungwa haumwi, mfungwa anadeka. Akifa, tutahesabu thelathini na tisa."

Akaenda zake akicheua.

Swala akamvuta Pimbi karibu. "Mdogo wangu, wewe umekonda, sasa unapenya kwenye mwanya. Na huhesabiwi, kwa hiyo hakuna atakayekutafuta. Nenda kwako, ukaote jua."

"Nitatoka," alisema Pimbi. "Lakini nitarudi, Dada. Nusu ya tonge lako imo mwilini mwangu. Siwezi kuondoka nayo nikakuacha."

Kesho yake ilikuwa siku ya ukaguzi. Kila mwaka Mfalme Simba alikuja, akasimama hatua ishirini kutoka mlangoni, akatazama, akasema, "Vizuri," akaondoka. Na kila mwaka, asubuhi ya siku hiyo, Fisi alitandaza nyasi mpya kizingitini na kuweka maji safi mbele ya mlango. Mfalme akishageuka tu, nyasi na maji vilirudi stoo.

Pimbi akawageukia wenzake. "Jamani, leo Mfalme atakagua kwa kukaa. Nikimleta mpaka mlangoni, imbeni. Akiingia, bananeni. Akinguruma, nanyi ngurumeni."

"Na akitula?" aliuliza Nguruwe.

"Humu ndani hana nafasi ya kufungua kinywa."

Akapenya, nyuu! Akatoka.

Alimkuta Simba njiani, manyoya ya shingo yamechanwa vizuri. Walinzi wa Mfalme walikuwa wamebaki mbali, upande wa upepo, wakibana pua.

"Shikamoo, Mtukufu!" Pimbi akainama. "Wafungwa wamekutungia wimbo wa sifa. Lakini makoo yao yamekauka, sauti haitoki nje. Wimbo huo husikika ndani tu."

"Wimbo? Wangu mimi?" Masikio ya Simba yakasimama.

"Beti saba, Mtukufu."

"Saba!"

Fisi akaja mbio, akihema. "Mtukufu, usiingie! Kuna... kuna vumbi!"

"Nyamaza. Una wivu, hujawahi kuimbiwa."

Simba akainua komeo, akaingia. Fisi naye akaingia nyuma yake, akimsihi atoke. Ndani, sauti kavu zikaanza, kwa pamoja, kwa mwendo mmoja:

*Karibu, Mfalme, karibu chumbani,*
*Kaa tulipokaa, uone jamani!*

Nje, Pimbi akaiparamia kengele. Ngo! ngo! ngo!

"Hesabu ya adhuhuri!" Kifaru akaamka. Akausukuma mlango, gubu! Komeo likaanguka, kacha!

Pimbi akapenya tena, akarudi ndani. "Bananeni!"

Wakabanana. Simba akasukumwa mpaka ukutani, mkia wake ukachomoza nje kwenye mwanya. Wa Fisi ukachomoza pembeni yake.

"Moja! Mbili! Tatu!..." Kifaru akapapasa. "Arobaini! Arobaini na moja? Arobaini na mbili? Hesabu haijatimia! Mlango haufunguliwi!"

"Fungua!" Simba akanguruma. "Mimi ndiye Mfalme!"

"Mimi ndiye Mfalme!" akapaza Nguruwe.

"Mimi ndiye Mfalme!" wakapaza wote, mpaka magogo yakatetemeka.

Kifaru akatikisa kichwa. "Hunipati tena. Kasuku alitoroka humo kwa kuiga sauti ya Mfalme. Tangu siku hiyo Mfalme mwenyewe akatunga sheria: mpaka mikia itimie, mlango usifunguliwe, hata akiamuru yeye."

"Kifaru, ni mimi, Fisi! Mkuu wako! Niko humu kimakosa!"

"Na wewe unayeiga sauti ya Mkuu, sikiliza. Afande Mkuu alinifundisha: anayesema yuko ndani kimakosa, usimsikilize. Wote husema hivyo."

Huko mbali, walinzi wa Mfalme walisikia ngurumo, wakaambiana, "Leo Mtukufu anawakaripia kwelikweli."

Jua likazidi kuwaka. Chumba kikafuka kama chungu. Simba alitaka kujilaza, hakuna pa kujilaza. Alitaka kugeuka, ikabidi wote wageuke. Nzi walitoka kwenye ndoo ya haja wakatua kwenye manyoya yaliyochanwa. Kiu ikamshika. Akainamia maji, akakunja uso.

"Haya ni matope!"

"Ndiyo maji yetu, Mtukufu," alisema Pimbi.

Kikohozi kikasikika miguuni pake. Koho! koho! Simba akatazama chini.

"Huyu ni nani?"

"Swala."

"Swala yule wa mbio? Mbona amebaki mifupa? Mganga amesema nini?"

"Muulize Afande Mkuu. Mmebanana naye."

Fisi akatazama dari.

"Na kesi yake ni ipi?" aliuliza Simba.

"Bado tunangoja kuambiwa. Na mimi nangoja. Na huyu. Na yule."

Kiu ikamzidi Simba. Ulimi ulikuwa umemnata. Ndipo Swala akamnyooshea jani alilokuwa ameficha kando ya shavu, lenye matone matatu ya umande aliyoyakinga mwanyani asubuhi.

"Kunywa, Mtukufu," alinong'ona. "Humu ndani hatumwachi mtu na kiu."

Mfalme akalipokea jani lile. Halafu akalipeleka mdomoni mwa Swala, taratibu, tone baada ya tone.

"Pimbi," alisema kwa sauti ndogo, "nitatokaje humu?"

"Ukalie mkia wako, Mtukufu. Na Afande Mkuu akalie wake. Chuchumaeni kama sisi."

Wakachuchumaa, Mfalme na Mkuu wa Jela. Kifaru akahesabu upya. "...thelathini na tisa! Arobaini! Hesabu imetimia!" Mlango ukafunguka, kwiii!

Simba akatoka nje penye hewa. Akavuta pumzi, akageuka. "Dawa hii uliijua tangu mwanzo?"

"Niliijua."

"Na kengele ulipiga wewe?"

"Mimi." Pimbi alisimama kizingitini, kichwa juu, wala hakutikisika. "Ningeweza kukimbia, Mtukufu. Sikuja kukuomba huruma. Nimekuleta uone kilicho chako. Jela ni yako, na mateso ya humu ni yako pia."

Simba akamtazama Swala aliyelala sakafuni.

"Mganga aletwe sasa hivi!" Mfalme akanguruma. "Swala abebwe kwa machela. Asiye na kesi aende kwake leo hii. Mwenye kesi asikilizwe kabla ya siku tatu, na alale kwa kunyoosha miguu. Na Fisi abaki humo humo, ajibu habari za maharage!"

"Abaki," alisema Pimbi, "lakini apewe maji safi, na blanketi, na asomewe kosa lake. Naye ni mfungwa sasa."

Fisi alitazama chini.

"Na wewe, Pimbi, unataka nini?"

"Nihesabiwe."

"Lakini wewe uko huru. Nenda!"

"Nitakwenda. Kwanza nihesabiwe."

Basi Kifaru akasogea, akainamisha kichwa chake kikubwa mpaka pumzi yake ikampiga Pimbi usoni. Safari hii hakupapasa mkia. Aliuliza, "Jina lako?"

"Pimbi, wa Jiwe la Jua."

"Wa arobaini na moja," alisema Kifaru kwa sauti nzito, "Pimbi wa Jiwe la Jua!"

"Nipo!" aliitika Pimbi, na milima ikaitika naye.

Hapo ndipo hadithi yangu inapofunguliwa mlango, nayo inakwenda zake ikiwa na fundisho moja: mfungwa ni kiumbe kamili, basi mhesabu kwa jina na uso wake, na umpe haki yake yote.