Jina Lililolazwa Uwanjani

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni juzi tu mlipokuwa hamjaota meno, palikuwa na chekechea chini ya mlima wa mawe. Wewe unayesinzia hapo, amka, maana nitakuuliza.

Mwalimu Tereza wa chekechea hiyo hakuanza na kalamu. Alisema vidole vya watoto bado vina usingizi. Basi watoto waliandika kwa miili. Wanalala kwenye majani, huyu kichwani kwa yule, yule miguuni kwa huyu, mara herufi hiyo imetokea! Wakimaliza wanabiringika, wanacheka, wanaanza tena.

Miongoni mwao alikuwamo Limi, aliyezaliwa hasikii. Umwite, upige ngoma, yeye anatazama mawingu. Rafiki yake Minza ndiye aliyemfundisha jina lake. Kila asubuhi anamchorea LIMI mchangani, anamgusa kifua: hili ni wewe. Limi anacheka, anafuta, anadai tena. Neno jingine hakulijua.

Siku moja mvua ilikatika, kumbikumbi wakatoka. Ilikuwa zamu ya Minza kumshika Limi mkono. Lo! Kumbikumbi na mtoto! Minza akamwachia, akawakimbilia. Limi naye akaona pimbi juu ya jiwe, akamfuata, jiwe hadi jiwe, mpaka kileleni. Ukungu ukashuka. Upande mmoja wa mlima ni njia ya kurudi shuleni. Upande wa pili ni genge, ukiteleza hapo basi tena. Na Limi kule juu hakujua tena upi ni upi.

Mwalimu akaupanda mlima mbio, huku anaita. Sasa anamwita nani, jamani?

Chini alibaki Kabula, mtoto wa kuota ndoto za mchana, ambaye hata L yake ilitazama kinyume. Akasema taratibu, "Limi anasikia kwa macho. Tulale jina lake."

Minza, machozi yanamtoka, akawapanga wenzake: L hapa, I hapa, M pale. Masweta mekundu kwenye majani mabichi. I ya mwisho akalala Holo peke yake, mdogo kuliko wote. Kumbe pale palikuwa na njia ya siafu! Wakamwingia ndani ya sweta. Holo akalia, machozi yakamjaa masikioni, lakini hakuinuka.

Ukungu ukafunguka kidogo, kama pazia. Limi akatazama chini, akajiona amelala uwanjani, mkubwa, mwekundu. Akacheka. Akashuka upande uleule alikoliona jina, mpaka mikononi mwa mwalimu.

Mama yake Limi akaja mbio, mgongoni kabeba mtoto mchanga wa kike ambaye alikuwa bado hajapewa jina. Akamkumbatia Limi, akalia weee, kisha akasema, "Huyu mdogo wake nitampa jina la aliyenirudishia Limi. Ni nani?"

"Ni mimi, mama," alisema Minza. "Nisingemfundisha jina lake, angeona watoto wamelala tu."

"Na mkono nani aliuachia?" Kabula akamuuliza. "Wazo ni langu. Bila mimi mngekuwa bado mnapiga kelele."

"Wazo haling'ati," alisema Holo, akijikuna. "Mimi nimeng'atwa. Ningeinuka, jina lingekatika."

Mama akamtazama mwalimu. Mwalimu akajifanya anatafuta chaki.

Wakamuuliza Limi kwa ishara: nani? Limi akachuchumaa, akaandika mchangani kwa kidole: LIMI. Kisha akainuka, akamgusa mtoto mchanga: hili ni wewe.

"Hilo lina mwenyewe, mwanangu," alisema mama, akalia upya.

Basi mimi nimewaacha hapo, mama kasimama, kichanga kinalia, hakina jina. Minza alifundisha, na mkono akauachia. Kabula aliwaza. Holo aling'atwa. Wewe uliyekuwa unasinzia, tuanze na wewe: mtoto aitwe nani?