Mziba Dirisha Hakai Ndani

Mziba dirisha hakai ndani. Ndivyo yule mama alivyomwambia bwana wa kisima jana mkutanoni, watu wakaangua kicheko, nanyi mkacheka bila kujua mnachokicheka. Haya, acheni kwanza kupukuchua hizo kunde mnisikilize. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko.

Ilianzia huku huku tambarare, chini ya milima ya Upare, kwenye ile shule ya zamani ya barabarani. Jua la huku mnalijua. Ikifika saa saba mchana hata kuku hutafuta uvungu. Wazee walioijenga shule ile walikuwa na akili zao. Upande unakotoka upepo, yaani barabarani, waliacha madirisha mapana. Upande wa pili, juu karibu na bati, wakaacha safu ya matundu. Upepo uliingia madirishani, joto likatokea juu kwa matundu, watoto wakasoma.

Ndipo akaja Mwenyekiti Mgonja. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu wa koti zito na maneno mazito. Mwaka ule shule ilikuwa inasherehekea kumbukumbu ya kujengwa kwake, na mgeni mkubwa alitarajiwa. Mgonja akataka ukuta wa barabarani uwe laini, uandikwe jina la shule kwa herufi kubwa, na chini yake majina ya wanakamati, lake likitangulia. Madirisha yalimharibia maandishi. Basi akaagiza baragumu la msaragambo lipulizwe. Desturi yetu mnaijua: likilia baragumu, kila nyumba hutoa mtu wa kufanya kazi ya wote, na asiyetokea hutozwa beberu. Watu wakaja na matofali na udongo, wakaimba, na kabla jua halijatua madirisha yote yalikuwa yamezibwa. Zizi la mbuzi huachiwa upenyo, jamani! Lakini hakuna aliyeuliza. Tulizoea kwamba msaragambo ukiitwa hauhojiwi, na huo ndio uliokuwa upumbavu wetu.

Walioumia ni darasa la saba. Mwalimu wao, Nakunda, aliwaona watoto wakisinzia juu ya hesabu, wengine wakitokwa damu puani, sare zimelowa jasho mgongoni. Wakubwa wakasema watoto wa siku hizi ni wavivu.

Katika darasa hilo alikuwamo Nashera, binti mwenye kichwa chepesi kuliko wenzake wote, na mwenye pumu. Siku moja kifua kilimbana, akanyoosha mkono akaomba kutoka apunge upepo. Hakungoja jibu, akakimbilia nje. Mwalimu mkuu, aliyemwogopa Mgonja kuliko alivyomwogopa Mungu, alimkuta barazani akihema, akamchapa kwa kutoka kabla ya kengele. Jioni baba yake Nashera akaja kwa Nakunda.

"Mwalimu, namtoa mwanangu shule," alisema. "Mtihani ni mzuri, lakini maiti hafanyi mtihani."

"Nipe mpaka kikao cha kamati, baba Nashera. Nakuomba."

"Kikao kikipita hivi hivi, usinifuate tena nyumbani."

Nakunda hakulala vizuri kwa hasira. Hasira yenyewe haikuwa ya Mgonja peke yake. Alikumbuka kwamba naye siku ile ya msaragambo alibeba udongo na kuitikia nyimbo.

Angeweza kubomoa? Hakuweza. Kilichojengwa kwa msaragambo hubomolewa kwa msaragambo, na ruhusa ya baragumu ilikuwa mikononi mwa kamati. Kamati nayo ilikutania wapi? Barazani, kwenye kivuli na upepo mwanana, wakinywa chai! Alikuwa amekwisha kupeleka malalamiko hapo, akaambiwa yataangaliwa.

Siku ya kikao akawafuata pale barazani.

"Shikamooni, wazee wangu. Darasa la saba wana wimbo wa kumpokea mgeni. Karibuni muusikie, na kikao mkifanyie humo humo."

Sifa ina masikio mepesi. Wakaingia wote, wakajibana kwenye madawati. Wimbo ulipokwisha, Nakunda akawatoa watoto nje, kisha akamwomba Mzee Kiondo, mkongwe wa kamati, afungue kikao kwa sala. Mzee akasali. Hapo wakawa wamefungwa na sheria aliyoitunga Mgonja mwenyewe: kikao kikishafunguliwa, anayetoka kabla hakijafungwa hutozwa beberu.

Jua lilikuwa utosini. Bati lilialika juu ya vichwa vyao. Walianza kuzisifu herufi zilizokwisha kuandikwa ukutani, wakahamia chakula cha mgeni, lakini maneno yakawa yanawakatikia mdomoni. Mmoja akajipepea kwa kofia. Mwingine akafungua vifungo vya shati. Mgonja alivua koti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na bado jasho likamtiririka mpaka kwenye ndevu. Nakunda alisimama ubaoni akimtazama.

Mwisho Mgonja akainuka, akashika njia ya mlangoni.

"Mwenyekiti, unakwenda wapi?" Nakunda aliuliza.

"Natoka kidogo tu, mwalimu. Napunga upepo."

"Hata Nashera alisema hivyo hivyo. Akachapwa!" Sasa sauti ya Nakunda ilipanda, na watoto waliokuwa nje walimsikia. "Yeye hukaa humu tangu asubuhi, kifua kimembana, na nyinyi mnamwita mvivu. Wewe umeshindwa kikao kimoja! Rudi ukae, mwenyekiti. Kaa kwenye dawati lake. Au humu ndani hamna hewa?"

Mgonja alimtazama, akaangalia madirisha aliyoyaziba, kisha mguu wake ukavuka kizingiti. Akaenda kusimama barazani, mdomo wazi, akiivuta hewa kwa pupa.

Mzee Kiondo akatikisa kichwa. "Kumbe mziba dirisha hakai ndani," akasema. "Beberu wake mtamdai baadaye. Mleteni mpuliza baragumu."

Jioni ile ile baragumu lililia. Wale wale walioziba wakaja kuzibua, na safari hii hakuna aliyeimba. Sururu ya kwanza ilitua juu ya jina la Mgonja. Upepo ulipoingia ukapeperusha karatasi ubaoni, na baba Nashera, aliyekuja na sururu yake, akasimama dirishani muda mrefu akiusikiliza. Kesho yake alimleta binti yake mwenyewe, amemshika mkono.

Watu walingoja Nakunda aishukuru kamati. Hakushukuru.

"Niwashukuru kwa lipi?" aliwaambia. "Kwa kuwarudishia watoto pumzi yao wenyewe?"

Tangu siku hiyo kamati ya shule ile hukutania darasani, saa saba mchana.

Yule bwana wa jana, anayetaka kisima kihamishiwe ng'ambo ya korongo, nyumbani kwake maji hutoka kwa bomba la ukutani. Yule mama aliijua hadithi hii, akamtazama usoni, akampa haki yake: mziba dirisha hakai ndani.