Shahidi wa Oili

Bi Mwanamvua alibadilishana ng'ombe wake wawili na pikapu ya Bwana Shekiondo, tajiri wa mtaa. Gari lilichemsha hata kabla halijafika kwake. Alipofungua rejeta alikuta maji mazito, rangi ya chai ya maziwa, yakinuka oili ya injini, dalili kwamba injini imeharibika.

"Hakuna oili humo," Shekiondo alimwambia alipokwenda kulalamika mbele ya mjumbe wa mtaa. "Niletee mtu mmoja tu aseme imo, nami nakurudishia ng'ombe wako."

Alijua anachosema. Mafundi wote walikuwa wapangaji wake.

Bi Mwanamvua akacheka. "Basi yaishe, kaka. Kesho njooni wewe na mjumbe mle pilau kwangu, tuondoe kinyongo."

Shekiondo hakuwahi kukataa pilau. Alifika na kanzu iliyonyooka, akaketi mkekani, akakunja mikono ya kanzu. Bi Mwanamvua akaja na beseni na birika, akammiminia maji ya kunawa. Tajiri alisugua viganja, macho yote kwenye sinia, kisha akavinusa.

"We mama, maji gani haya? Yana oili!"

"Labda ni mafuta ya kupikia, kaka."

"Mafuta ya kupikia yananuka hivi? Mimi ni mtu wa magari. Hii ni oili ya injini. Mjumbe, hebu nusa."

Mjumbe akanusa, akakubali.

"Nimeyakinga asubuhi kwenye rejeta ya pikapu," alisema Bi Mwanamvua, akimpa sabuni. "Nawa vizuri, kaka, ule ushibe. Kisha twende tukafungue ng'ombe wangu."