Asnath na Kadi Mpya ya Kompyuta

Mjini Kiomboi, mwaka wa elfu mbili na mbili, mtu aliyetaka barua ipigwe chapa bila kosa au kadi ya harusi ipambwe ikapambika alielekezwa kwenye mlango mmoja tu wa bluu, jirani na stendi ya mabasi. Humo alikuwamo Asnath Msengi, mwanamke mwembamba wa mwili na mkubwa wa msimamo. Zamani alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika cha pamba. Mageuzi ya uchumi yalipokuja, chama kikayumba na wafanyakazi wakapunguzwa. Wenzake walirudi kwenye jembe wakilia. Asnath hakulia. Alichukua kiinua mgongo chake, akanunua kompyuta ya mtumba na printa ya rangi, akafungua duka. Waliokwenda kumpa pole aliwajibu, “Kilichokufa ni chama. Vidole vyangu vizima.”

Kazi aliijua, hilo halina ubishi. Lakini tuseme kweli, kiburi nacho kilikuwapo, tena cha kutosha. Kwa miaka miwili alikaa na msaidizi wake, binti mmoja mtulivu aitwaye Cecilia, na katika miaka hiyo yote binti huyo alichemsha chai, akafagia na kutoa fotokopi. Kompyuta hakuigusa. Akiomba afundishwe, Asnath humwambia, “Subiri, hujakomaa.” Basi Cecilia akachoka kusubiri. Akaondoka bila kuaga, akaenda kujifunza Singida mjini, na aliporudi alifungua duka lake ng’ambo ya pili ya barabara, likiwa na kompyuta mpya kuliko ya bosi wake wa zamani. Wateja kadhaa wakamfuata, na Asnath akasema ameibiwa.

Siku ya kwanza walipokutana njiani, Cecilia alipiga goti kidogo kama alivyolelewa, akasema, “Shikamoo, dada.” Asnath akapita kama aliyepishana na mti. Kwa watu wa huko, kuiacha shikamoo ya mdogo wako ianguke chini bila marahaba si jambo dogo. Ni afadhali ungemtukana, kwa maana tusi hujibiwa. Toka siku hiyo ulipita mwaka mzima na miezi, na wawili hao walitazamana kila asubuhi wakifungua milango, wala neno halikuvuka barabara.

Mwezi wa saba ulipokuwa ukiisha, Mama Esta, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakamuaji wa alizeti, alileta kazi kubwa. Kikundi chake kilikuwa kimepata nafasi katika maonyesho ya wakulima ya Nanenane kule Dodoma. Miaka yote mafuta yao yaliondoka wilayani kwao Iramba katika madumu yasiyo na jina, wachuuzi wakayapa jina lao huko mbele. Mwaka huu walikuwa wamenunua chupa mia tatu, na walitaka kila chupa ivae lebo yenye ua la alizeti na jina la kikundi.

“Mwanangu, lori linaondoka Ijumaa ya wiki ijayo, alfajiri,” Mama Esta alisema. “Tukifika Dodoma na chupa zilizo uchi, tutauza kwa ndoo kama kawaida, na mwakani hakuna wa kutuita tena.”

“Mama, tuliza moyo wako,” Asnath alijibu. “Alhamisi hiyo jioni utazikuta hapa zimekatwa.”

Ahadi ni deni, na deni hilo lilipata mkosi mapema. Ijumaa ya wiki hiyohiyo, usiku, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kadi ya picha ndani ya kompyuta ya Asnath ikaungua. Kadi hiyo ndiyo inayoipa kompyuta uwezo wa kuonyesha rangi na maumbo kwenye kioo. Asnath hakupoteza hata saa moja kulalamika. Alipiga simu Arusha, na Jumatatu basi likamletea boksi lenye kadi mpya, kijitabu na sidii moja. Akafungua kompyuta kwa bisibisi, akaipachika kadi mwenyewe, akafunga, akawasha.

Kioo kiliwaka, lakini kwa rangi chache za kusikitisha na herufi kubwa kama za kitabu cha chekechea. Ua la alizeti alilokuwa amelichora kwa siku tatu lilionekana kama kinyesi cha ng’ombe kilichokaushwa. Kadi ilikuwa imefika, ila kompyuta ilikuwa haijafahamiana nayo. Ilihitaji draiva, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta jinsi ya kuitumia kadi hiyo. Draiva ilikuwamo katika sidii, na kompyuta ya Asnath, kwa kuwa ni ya mtumba wa zamani, ilisoma disketi tu, zile bapa ndogo za plastiki. Haikuwa na mahali pa kuingizia sidii.

Alijaribu kwanza njia ya mkato. Kompyuta yenyewe ilikuwa na orodha ya draiva za kadi za kila namna, akachagua moja ambayo jina lake lilikaribiana na la kadi yake. Kioo kikawa cheusi tititi. Ilimchukua saa nzima kuiwasha kwa njia ya dharura na kuifuta ile draiva ya kuazima. Baada ya hapo alikaa kwenye kiti, akawaza kwa utulivu ni kompyuta gani pale mjini inayosoma sidii. Zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa hospitalini, katika ofisi ya mhasibu, naye mhasibu alikuwa amekwenda semina na ufunguo mfukoni. Ya pili ilikuwa ng’ambo ya barabara.

Jioni alimweleza mumewe, Elisha, mwalimu wa kwaya ya kanisa, mtu mwema anayependa kila kilicho kipya kuliko kilicho sahihi.

“Mama Rahel, wewe mke wangu ukapige hodi kwa yule mtoto?” Elisha aliuliza, akaweka kijiko chini. “Watu watasemaje? Tena hiyo sidii ilifungwa kiwandani, nani ajue ni ya lini. Kesho naenda Singida kuchukua spika ya kwaya. Pale mjini kuna duka la intaneti. Nitakuletea draiva mpya kabisa, ya mwaka huu.”

“Kompyuta yangu ni ya mwaka wa tisini na nane, Baba Rahel. Itaelewana na ya mwaka huu?”

“Kipya hakimkatai mtu.”

Asnath alijua jibu hilo halina mguu. Alijua pia kwamba amelikubali kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba lilimwepusha na ule mlango wa ng’ambo. Alilala akijiambia kwamba mume wake ana busara.

Elisha alirudi Jumatano alasiri, amepauka vumbi kuanzia kofia hadi viatu, na uso umejaa ushindi. Wale vijana wa intaneti walikuwa wamehangaika nayo nusu siku, wakaigawa draiva katika disketi tisa. Asnath akaingiza ya kwanza. Kompyuta ikakoroma, ikasema haisomeki. Ya pili haisomeki. Ya tatu, ya nne, mpaka ya tisa, wimbo ni uleule.

“Baba Rahel,” Asnath alisema polepole, “hizi disketi ulizibeba wapi?”

“Mahali salama kabisa. Barabara ile unaijua, basi linaruka kama mbuzi. Nikazifunga kwa leso yangu, nikazibana ndani ya boksi la spika, nyuma pale, zisitikisike.”

“Nyuma ya spika kuna nini?”

Elisha alifikiri. Alikuwa mtu wa muziki, na spika alizijua. “Kuna sumaku,” alisema.

“Na disketi huandikwa kwa kitu gani?”

Jibu lilikuwa hilohilo, na sumaku ikikaa karibu na disketi huyafuta maandishi yake. Hapo mwalimu wa kwaya alivua kofia, akaipangusa vumbi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Asnath alitaka kumkasirikia akashindwa. Mtu huyu alikuwa amesafiri siku mbili kumletea kitu, akakibeba kwa upendo wote hadi kikafutika. Aliyestahili kulaumiwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha duka, mbele ya kioo chenye ua la rangi ya matope.

Alhamisi saa mbili asubuhi Mama Esta alipita. Hakugombeza. Alisimama mlangoni na kanga yake mabegani, akasema, “Asnath, niambie kweli. Kama haiwezekani niambie sasa, nikawaambie wenzangu wayarudishe mafuta kwenye madumu.”

“Inawezekana, mama,” Asnath alijibu. “Nipe mpaka jioni.”

Mama huyo alipoondoka, Asnath alichukua sidii, kijitabu na disketi kumi, akaosha uso, akafunga mlango wa bluu. Hakuogopa kukataliwa. Alikuwa anaogopa kukaribishwa vizuri na mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea. Stendi ilikuwa imejaa, na wapiga debe, wauza karanga na akina mama wa vitumbua, wote walioijua habari ya wanawake hao wawili, waliacha walichokuwa wakifanya. Asnath akavuka barabara mbele ya macho yao, kichwa juu, bila kuharakisha.

Cecilia alikuwa anapanga karatasi. Alipomwona aliyesimama mlangoni, aliziweka chini. Kwa desturi mdogo ndiye huanza kuamkia. Asnath hakumngoja.

“Marahaba, Cecilia,” alisema.

Binti alimkodolea macho. “Dada, sijakuamkia bado.”

“Uliniamkia mwaka jana, pale penye mfereji. Sikukuitikia. Leo nimekuja kuitikia.” Akaendelea kabla ujasiri haujamwacha. “Na hujawahi kuniibia wateja. Nilikuweka kwenye birika la chai miaka miwili kwa kuwa niliogopa utajua kuliko mimi. Sasa nina shida, na mwenye msaada ni wewe. Naomba kompyuta yako isome sidii hii.”

Machozi yalimtoka Cecilia bila sauti. Alipiga goti, akasema “Shikamoo” kwa mara nyingine ili mambo yakae mahali pake, akavuta kiti cha pili karibu na mashine.

Sidii ilifunguka. Ndani yake palikuwa na mafungu mengi, kila moja kwa aina yake ya kompyuta. Cecilia alielekeza mshale kwenye fungu lililo jipya kuliko yote. “Tuchukue hili, dada?”

“Hapana. Hilo ni la mashine kama yako,” Asnath alisema, na sauti yake ya kazi ikawa imerudi. “Yangu ni ya tisini na nane. Fungua kwanza hayo maelezo, tuyasome mstari kwa mstari.” Wakayasoma yote, hata yale maandishi madogo ya mwisho ambayo hakuna mtu huyasoma. Hapo ndipo walipogundua kwamba sidii nzima haikuhitajika. Fungu moja dogo lilitosha, nalo lilienea katika disketi tatu. Maelezo yalionya pia kwamba mabaki ya kadi iliyoungua yafutwe kwanza, kisha ndipo hii mpya itambulishwe. Asnath akaelewa kwamba hata draiva ya mwaka huu, ile ya Elisha, haikuandikiwa kompyuta kama yake. Hata kama ingefika salama, ingekataa.

“Njoo uone inavyofanywa,” Asnath alimwambia Cecilia. “Zamu hii utashika wewe.”

Walivuka barabara pamoja. Cecilia aliketi kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia, akafuta mabaki, akaingiza disketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kompyuta ikaomba kuzimwa na kuwashwa. Elisha, aliyekuwa amewafuata dukani na kusimama nyuma yao kwa adabu zote za mkosaji, alinyoosha shingo kuona. Kioo kikawa cheusi kidogo, kisha kikafunguka, na lile ua la alizeti likatokea la manjano kamili, kila petali mahali pake.

“Haya, karatasi za gundi,” Asnath alisema. “Hatuna siku nyingine.”

Printa ilianza kazi saa tano. Saa saba umeme wa mgawo ukakatika, wakautumia muda huo kukata kwa mikasi zile lebo zilizokwisha kutoka. Saa kumi umeme ukarudi. Cecilia hakurudi dukani kwake mchana huo, na Elisha alikata lebo kwa umakini hata ulimi ukamtoka pembeni ya mdomo. Jua lilipokuwa likizama, Mama Esta alikuta lebo mia tatu na kumi, kwa sababu Asnath hakuwa mtu wa kutoa hesabu kamili bila nyongeza.

Ijumaa alfajiri lori lilikuwa stendi, na akina mama wakipakia chupa zilizovaa jina lao. Mmoja wao, mwenye ulimi mwepesi, alimsogelea Asnath. “Tumesikia habari,” alisema, akicheka kwa pembeni. “Eti jana umeingia kwa yule binti, ukamwomba. Mtu mzima kama wewe.”

Asnath alichukua chupa moja kutoka mikononi mwake, akaigeuza lebo imtazame yule mama.

“Niliingia, na nilimwomba,” alisema. “Soma jina la kikundi chako hapo.”

Yule mama akasoma, kicheko kikamwisha, akaipakia chupa kwa mikono miwili. Lori likaondoka kwenda Dodoma, mafuta ya Iramba yakienda kwa mara ya kwanza na jina la wenyewe, kwa kuwa mwanamke mmoja mwenye shingo ngumu alikubali mbele ya stendi nzima kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.