Mtoto Aliyekataa Kuingia Kwao

Hapo zamani za kale, kabla nguchiro hawajajifunza kwenda makundi makundi kama mnavyowaona leo, kila mmoja alikaa na nyumba yake, na jiko lake, na kelele zake. Kelele zilizozidi zote zilitoka katika shimo moja chini ya kichuguu, nyumbani kwa Bwana Nguchiro na mkewe, Bi Nguchiro. Wewe unayemvutia mwenzio mkeka, tulia, maana habari hii inakuhusu.

Walikuwa na mtoto mmoja. Bibi yake alimpa jina zuri na refu, lakini halikudumu. Majirani walimwita Kibishi, naye akaitikia hilo tu. Ukimwambia kaa, anasimama. Ukimwambia simama, anakaa. Ukimpa uji anataka maziwa, na ukileta maziwa anaulilia uji. Msicheke. Mama zenu wapo, na tukiwauliza watatueleza mengi.

Alipoanza kujifunza kutembea ndipo nyumba ilipopata kazi. Watoto wengine hushikwa mkono wakaongozwa, lakini Kibishi hakutaka mkono wa mtu. Alishika mkia wa baba yake, akajiinua, akauachia, akaenda tiki, tiki, tiki, halafu bu! chini. Baba yake akikimbia kumwinua, mtoto anapiga yowe mpaka arudishwe palepale alipoangukia, ainuke mwenyewe. Bwana Nguchiro alikuwa na moyo laini kama ndizi mbivu, na alishinda akimrudisha mtoto chini na kumwomba radhi.

Basi akajua kutembea. Asubuhi alitoka mlangoni kwa miguu yake, akaenda kutazama siafu na kung'oa majani. Ukifika wakati wa kurudi ndani, anakaa kitako nje ya mlango kama gunia la chumvi. Mama yake atamwita na kumbembeleza, wapi! Mwisho humbeba, naye anajipinda mgongo, miguu juu, kichwa chini, wakaingia hivyohivyo. Kutoka alitoka mwenyewe, ila kuingia aliingia kwa kubebwa kila siku.

Najua mnasema watoto wote ndivyo walivyo. Kweli, lakini pale kwao jambo hilo lilikuwa na hatari yake.

Shimo lile halikuchimbwa na nguchiro. Lilichimbwa na Muhanga, na Muhanga mnamjua: anachimba, analala, anahama akachimbe kwingine. Mashimo anayoyaacha hukaliwa na yeyote aliyewahi. Na desturi ya nyika ilikuwa kwamba shimo la Muhanga huwa lako siku mtoto wako anapoliingia kwa miguu yake mwenyewe mbele ya mashahidi, pasipo kubebwa, kusukumwa wala kuguswa. Wazee wa nyika walisema mkubwa huingia popote, hata mwizi huingia, lakini mtoto mdogo haingii kwa hiari yake ila kwao.

Kila mwaka, masika yakikaribia, Tembo alipita kuyashuhudia mashimo hayo. Mtoto akiingia, nyumba ni yenu, hapana wa kuwagusa tena. Asipoingia, Tembo humpa shimo aliyeliomba. Mwaka uliotangulia Kibishi alikuwa bado wa mgongoni, wazazi wake wakasamehewa. Mwaka huu alikuwa anafukuza panzi, na nyika nzima ilimwona.

Aliyeliomba shimo lile alikuwa Fisi. Fisi hajawahi kuchimba hata shimo la kufukia mfupa, alilala chini ya kichaka cha miiba, na mvua ya mwaka jana ilimnyeshea mpaka akakohoa miezi. Sasa alishinda juu ya jiwe lililotazamana na mlango wa nguchiro, akimwangalia Kibishi anavyobebwa kila jioni miguu juu, naye akicheka mpaka mate yanamtoka. Siku moja alikuja na kamba, akaingia bila hodi, akapima ukutani mahali atakapoweka kitanda chake. Alimwomba hata Bi Nguchiro amshikie ncha ya kamba.

Bi Nguchiro aliishika. Fisi alipoondoka, akakaa chini akalia. Aliogopa. Masika yalikuwa njiani, mwewe walikuwa angani, naye ana mtoto mdogo asiyekubali hata kufunikwa. Watakwenda wapi?

Wakajaribu kumzoesha. Bwana Nguchiro alileta yai, akaligeuzia mgongo kama nguchiro wanavyofanya, akalirusha nyuma katikati ya miguu yake, likagonga jiwe, paa! Harufu ikajaa nyumba. Kibishi alilinusa akiwa nje, akameza mate, akakaa palepale mpaka baba yake akamhurumia akamletea nje. Bi Nguchiro alimwimbia, akampigia sahani, akajificha ndani ili amtafute. Mtoto alikuwa anawachezea siafu.

Siku moja mama akapata wazo. Si mtoto huyu hufanya kinyume? Akasimama mlangoni, akakunja uso, akamwambia asiingie. Kibishi alimtazama machoni kwa muda, akacheka, akapiga makofi, na hakuingia.

Bi Nguchiro alikaa akachambua mboga, mara akaacha. Akamwita mumewe.

"Baba Kibishi, nimemwelewa huyu mtoto. Hakatai tunachokisema. Anakataa tunachokitaka. Mimi namwambia usiingie, lakini macho yangu yanamwambia ingia, mwanangu, ingia. Na yeye anayasoma macho."

"Basi itakuwaje?" akauliza mumewe. "Tutampata wapi mtu asiyetaka mtoto aingie, na asitake kwa moyo wake wote?"

Halafu wote wawili wakageuka, wakatazama kule kwenye jiwe.

Tembo alitazamiwa kesho yake. Bi Nguchiro akajitanda kanga, akachukua bakuli la mchuzi, akaenda kwa Fisi mwendo wa mtu aliyeshindwa. Akaamkia, "Shikamoo, mjomba." Fisi akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye bakuli, akauliza kama amekuja kumwambia siku watakayohama.

"Sikuja kwa hilo, mjomba. Nimekuja kukuomba. Kesho mwanangu ataingia, nimekwisha kumwandaa. Ila ana udhaifu mmoja, na nakwambia wewe kwa kuwa ni mtu mzima mwenye huruma. Anaogopa sauti nene. Akikaripiwa na mtu mkubwa, miguu inamwisha nguvu, anakaa chini mpaka jua linatua. Tafadhali, kesho usimkaripie. Usimwambie asiingie. Wewe simama mbali, unyamaze tu."

Fisi alijikaza asicheke mpaka masikio yakamtetemeka. Akaapa kwa mifupa yote aliyowahi kuila kwamba kesho hatafungua mdomo. Bi Nguchiro akamshukuru, akaondoka amejiziba uso kwa kanga. Fisi alidhani analia.

Asubuhi ardhi ikatetemeka, ndi! ndi! ndi! Tembo huyo. Nyuma yake akaja Ngiri, wakaja swala na kwale na wengine wasiokosa penye watu. Tembo akasimama mbele ya kichuguu, akawakumbusha desturi, akaonya kwamba atakayemgusa mtoto, awe mzazi, awe mgeni, amepoteza haki yake. Kisha akaamuru Kibishi awekwe chini, hapo kwenye mchanga, mbali kidogo na mlango, na wote wasogee kando.

Mama akamwita, kwa kutimiza wajibu. "Njoo ndani, mwanangu." Kibishi akakaa kitako. Baba akamwita. Kibishi akawageuzia mgongo. Wakubwa wakaguna, na Ngiri, aliyekuwa na watoto kumi nyumbani, akasema taratibu kwamba hata wake huwa hivyo.

Fisi alitulia. Lakini mara mdudu mmoja mweusi akapita mbele ya Kibishi akielekea upande wa mlango, na mtoto akainua kidogo makalio yake kumtazama. Fisi akashtuka. Akaona nyumba inaondoka, kitanda kinaondoka, mvua inamjia tena mgongoni. Hakungoja. Aliruka, akatua mlangoni, akatanua miguu, akanguruma.

"Wee mtoto! Usiingie humu!"

Ngiri akalalamika kwamba hiyo si haki. Tembo akafikiri, akasema, "Desturi imekataza kugusa. Kelele haikuzikataza."

Kibishi akaduwaa. Hajawahi kukemewa hivyo tangu azaliwe. Mdomo wa chini ukaanza kumtetemeka, bu! akaketi, na machozi yakamlengalenga. Bwana Nguchiro akataka kukimbia amchukue, mkewe akamkamata mkia akamvuta nyuma. Lakini na yeye akaanza kujiuliza. Je, kama ule uongo aliomwambia Fisi umegeuka kweli? Je, kama mtoto wake kweli ni mwoga wa sauti nene, na yeye mwenyewe ndiye aliyemletea hiyo sauti? Alijuta, wanangu. Aliona ameuza nyumba kwa bakuli la mchuzi.

Fisi akacheka kwa raha. Na kwa kuwa aliona dawa imefanya kazi, akaongeza dozi.

"Enhee! Kaa hapohapo! Usisimame! Usije huku!"

Kibishi akafuta machozi. Akamtazama Fisi kuanzia kwato, samahani, kuanzia makucha mpaka masikio. Akamtazama machoni, kama alivyozoea kumtazama mama yake. Na humo machoni, safari hii, hapakuwa na mchezo wowote. Huyu alikuwa hataki kwelikweli.

Kibishi akasimama.

Tiki. Tiki. Tiki.

"Nimesema rudi!"

Tiki, tiki, tiki, tiki.

Fisi akaona ajikuze ili atishe zaidi. Akainua mgongo, akasimamisha manyoya, akazidi kutanua miguu, hii kule na ile kule, mpaka chini ya tumbo lake pakawa wazi hata bakuli la harusi lingepita. Akanguruma kwa nguvu zake zote. Kibishi naye akaongeza mwendo, akayumba kushoto, akayumba kulia, wakubwa wote wakashika pumzi, akainamisha kichwa, akapita katikati ya miguu ya Fisi bila kugusa hata unywele mmoja, akaingia ndani.

Fisi akajipinda, akatia kichwa chake mlangoni, akapiga kelele gizani, "Toka! Humu si kwenu!"

Mara kutoka ndani kikasikika kisauti chembamba, kikitamka neno ambalo hakijawahi kulitamka.

"Kwetu!"

Bi Nguchiro alicheka na kulia kwa pamoja, na mumewe akakaa chini. Nyika nzima ikashangilia. Tembo akainua mkonga, akasema kwamba ameona na amesikia: mtoto ameingia kwa miguu yake, hakubebwa, hakusukumwa wala hakuguswa, na shimo hili kuanzia leo ni la nguchiro.

Fisi akalia kwamba amedanganywa. Akamweleza Tembo jinsi Bi Nguchiro alivyokuja kwake na mchuzi, akamwambia mtoto anaogopa sauti nene, kumbe ni uongo mtupu.

"Na wewe ulimwahidi nini?" akauliza Tembo.

Fisi akatazama chini. Akakwaruza mchanga. "Nilimwahidi nitanyamaza."

"Ungetimiza ahadi, leo ungelala humu."

Watu walicheka mpaka kwale wakaruka. Fisi akashika njia, na kwa kuwa masika hayakuwa mbali, ikambidi kwa mara ya kwanza katika maisha yake aanze kuchimba.

Tembo akataka kumwona huyo shujaa ampongeze kabla ya kuondoka. Wakamwita Kibishi atoke. Hakutoka. Baba yake akambembeleza, Ngiri akamwimbia, Tembo mwenyewe akapiga magoti, akaingiza mkonga mlangoni akamsalimu kwa heshima. Kutoka ndani wakasikia tu sauti ya mtoto akijibu hataki. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuna aliyemlazimisha. Mama yake akaingia akakaa naye, na jioni mawingu yalipofunguka, mvua ikapiga kichuguu pa, pa, pa, nguchiro wote watatu walikuwa ndani, wakavu, na uji ulikuwa jikoni, naye Kibishi anaulilia maziwa.

Basi nendeni mkalale, na mwende kwa miguu yenu, mkijua kwamba mwenye nguvu asiyefikiri huufungua kwa mkono wake mlango anaotaka kuufunga.