Msabaha Kisimani

Sogeeni karibu, hadithi yangu ina damu. Mwoga amshike mwenziwe.

Msabaha alikuwa mchimba visima. Siku moja, yeye yuko shimoni na sururu yake, nduguye Mkufya yuko juu akivuta udongo kwa ndoo, zimwi likatokea. Likamrarua Mkufya, likamla nyama, mifupa likaitema. Kisha likachungulia chini.

“Nani atakutoa humo?”

“Mola wangu,” akajibu Msabaha.

Likatupa jiwe, likamvunja bega. “Nani atakutoa?”

“Mola wangu.”

Likatupa la pili, likamponda mguu. “Nani?”

Msabaha alikuwa akilia kwa maumivu na hofu. “Mola wangu. Sina mwingine.”

Zimwi likacheka, likainua jabali, likaliporomosha. Jabali likamkosa, likapasua mwamba pale chini. Maji yakafoka, yakamwinua Msabaha mpaka juu, uso kwa uso na zimwi. Kwa mkono wake mzima akaikita sururu katika jicho la zimwi, akaikita tena na tena, mpaka likanyamaza.

Halafu akaikusanya mifupa ya nduguye, akaiosha kwa maji yale, akaizika.

Niliyosimuliwa ndiyo hayo. Mengine anayajua Mola.