Dini Iliyokataza "Ila"

Wapendwa wa kundi hili, someni taratibu na msinicheke kabla sijamaliza. Anayewatumia haya ni mimi, niliyewahi kununua dawa ya kuotesha nywele kutoka kwa mtu mwenye kipara.

Katika mji mmoja wa minazi watu walikuwa na desturi yao ya kusalimiana. Ukimuuliza mtu "Habari?" atajibu kwanza "Nzuri," hata kama nyumba yake inaungua. Kisha atavuta pumzi na kusema, "Ila..." Hapo ndipo habari yenyewe huanza. Nzuri, ila mtoto hajalala. Nzuri, ila tumefiwa. Jirani akisikia "ila" huweka chini alichobeba.

Akaja Mwalimu Kanuti na Dini ya Utimilifu. Niseme kweli: aliyemkaribisha ni mimi. Nilikutana naye bandari ya mbali, nikasoma kijitabu chake melini huku natapika. Mtu anayetapika huamini chochote.

Mwalimu alifundisha kwamba binadamu ana ngazi tisa za kupanda mpaka atimie, na kinachomwangusha ni neno moja tu.

"Ila ni mlango," alisema. "Ukisema unaumwa, umeukaribisha ugonjwa na kuutandikia mkeka. Jibu nzuri, kisha funga mdomo."

Aliyeteleza akasema "ila" alirudishwa ngazi ya kwanza mbele ya watu wote.

Mji ukapendeza ajabu. Kila mtu nzuri! Lakini hakuna aliyetulia. Mtu anakujibu "Nzuri" huku macho yanamkimbia kama kuku aliyeona mwewe. Mimi mwenyewe viatu vilinibana, nikawa nabadilisha mguu wa kusimamia tangu asubuhi mpaka jioni. Nzuri, nzuri.

Sufiani, rafiki yangu, mkwezi wa minazi, alikuwa amefika ngazi ya nane. Mkewe, Bi Mwanaidi, ndiye peke yake aliyejua kwamba kwa wiki tatu kichwa cha mumewe kilikuwa kikizunguka. Zamani Sufiani angemwambia jirani, "Nzuri, ila nasikia kizunguzungu," na jirani angemjibu, "Basi leo usikwee, ndugu yangu." Sasa jirani aliambiwa nzuri, akapita zake.

Siku ya kupandishwa ngazi ya tisa, Sufiani alitakiwa akwee mnazi mrefu kuliko yote, uani kwa Mwalimu, aangushe madafu ya mkutano mzima. Akapanda. Likaanguka dafu la kwanza. La pili. La tatu halikuja.

Bi Mwanaidi akatazama juu. Mumewe alikuwa ameukumbatia mnazi kwa mikono miwili, shavu kwenye shina, macho kafumba.

"Baba Maimuna! Habari ya huko?"

"Nzuri." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Nzuri tu?"

"Nzuri tu, Mama Maimuna."

Akanigeukia mimi. "Shemeji, umeisikia hiyo nzuri? Mume wangu ataanguka."

"Tusubiri kidogo, shemeji," nikasema. "Tumuulize Mwalimu."

Ndiyo, nilisema hivyo. Nichekeni sasa.

Hakunisubiri. Alishafika mbele ya Mwalimu. "Mwalimu, mruhusu aseme, watu wampandie na kamba. Mbele yako anaona haya."

"Anatimia," Mwalimu akasema. "Usimvute chini kwa hofu yako."

Bi Mwanaidi akamtazama vizuri. Shavu la kushoto la Mwalimu lilikuwa limevimba kama limeficha limau. Jino! Siku tatu alikuwa akihubiri kwa upande mmoja wa mdomo, nasi tukadhani hiyo ndiyo lafudhi ya watu waliotimia.

Mama wa watu akafungua pindo la kanga, akatoa kashata ya nazi, ile iliyokaa mpaka imekuwa jiwe.

"Samahani, Mwalimu wangu. Karibu kashata. Uitafune kwa upande huu wa kushoto, sote tuone."

Ua mzima unatazama. Angesema nini? Akaing'ata.

"Habari ya kashata, Mwalimu?"

"Nzuri." Chozi moja likamtoka.

"Nzuri tu?"

"Nzu..." Akajishika shavu, akaruka juu. "Nzuri, ila jino! Jamani, jino langu!"

Kisha sauti ikatujia kutoka mbinguni, au karibu na huko:

"Hata mimi! Nzuri, ila kichwa kinazunguka! Siwezi kushuka!"

Kabla hajamaliza kusema, wakwezi wawili walishaukamata mnazi, kamba begani. Wakamfunga kiunoni, wakamteremsha taratibu kama ndoo ya kisimani. Mimi nilikuwa pekupeku, vile viatu nimeshavitupa, nimeshika ncha ya kamba isiyo na kazi yoyote, napiga kelele za kuongoza. Zahanati walimpima, wakakuta presha iko juu sana. Minazi aiache kwanza, wakasema.

Jioni Bi Mwanaidi alirudi kule uani. Nikamfuata, maana nilidhani anakwenda kugombana. Mwalimu alikuwa ameketi peke yake, kanga ya mtu kaifunga shavuni.

Akampa punje tatu za karafuu. "Pole, Mwalimu. Weka hapo kwenye jino."

Mwalimu akaibana punje moja kwenye jino.

"Asante, mama," akasema. "Tangu nianzishe dini hii, hakuna aliyewahi kunipa pole."

Kijitabu chake ninacho mpaka leo. Kinazuia mlango wangu usigonge upepo ukija.

Ukimaliza kusoma, usinijibu "Amina" ukaishia hapo. Mtumie mtu mmoja, kisha mpigie umuulize habari. Akisema nzuri, usikate simu.

Funzo: Mafundisho yanayokukataza kutaja maumivu yako hayakuponyi, yanakuacha juu ya mnazi peke yako; anayekupenda ni yule anayeisubiri "ila" yako.